Tumbaku ya Bwana Tollefson

Ardis Denomie alipoona gari la Bwana Tollefson likiingia uani kwake Jumatano ile, jambo la kwanza alilowaza ni kwamba kuna kitu kimepotea. Mzungu mwenye nyumba ya ghorofa haji kwa mwanamke anayemfanyia usafi kwa sababu amemkumbuka. Ama kijiko cha fedha hakionekani, ama bomba limepasuka, na katika yote mawili anayeulizwa kwanza ni mwenye ufunguo. Ufunguo huo Ardis alikuwa nao miaka mingi.

Alitoka akauvuta mlango nyuma yake, maana sebuleni kulikuwa na ndoo mbili za kukingia maji yaliyovuja darini na hakutaka mzungu azione. Aibu ya umaskini ni kitu cha ajabu: anayeibeba ni yule asiye na kosa lolote.

"Habari za mchana, Ardis," Bwana Tollefson alisema. Ardis alikuwa amemzidi umri, lakini tangu aanze kazi yeye alikuwa Ardis na Warren Tollefson alikuwa Bwana Tollefson, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

"Nzuri, Bwana Tollefson. Kuna kilichoharibika?"

"Hakuna kabisa. Nimekuletea hii." Akanyoosha mikono yote miwili. Viganjani mwake mlikuwa na kifurushi kidogo cha kitambaa chekundu, kimefungwa kwa uzi, na harufu ya tumbaku ilimfikia Ardis kabla hajasogea.

Kwa Wachippewa, watu wake Ardis, wenyeji wa asili wa Amerika, tumbaku haitolewi burebure. Anayekuletea ana ombi, nawe unamwacha aseme ombi lake lote huku mikono yako imetulia. Ukiona huliwezi, unamwambia kwa upole na tumbaku inabaki kwake. Ukipokea, umekubali, wala hukumkubalia yeye peke yake, bali na wale wanaosikiliza ambao hawaonekani kwa macho. Mtoto mdogo wa upande wa magharibi wa Ziwa Korongo anayajua haya kabla hajajua kufunga viatu. Lakini Bwana Tollefson alikuwa mtu wa kumletea biskuti kila Krismasi, na mishumaa yenye harufu ya maboga, na sweta ambazo mkewe amezichoka. Ardis alidhani kuna duka la watalii limemuuzia kitu asichokijua, na mkono wake ukapokea kabla kichwa hakijauambia ungoje.

"Asante, Bwana Tollefson."

"Hujaniuliza ninataka nini," mzungu alisema, akitabasamu.

Hapo machale yakamcheza Ardis.

"Unataka nini?"

"Binti yangu Kirsten anaolewa Jumamosi, palepale ufukoni kwetu. Hema limeshafika. Naambiwa wewe ndiye unayetoa ruhusa ya kuvuna mpunga wa ziwani. Ombi langu ni dogo tu: watu wako wasivune mpaka Jumapili."

"Kwa nini?"

"Utulivu. Picha. Unajua mambo ya harusi yalivyo. Na nyote mnakaribishwa baadaye kula keki."

Akarudi garini mwake akiwa ameridhika. Ardis alibaki amesimama na kile kifurushi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitamani angekuwa hana mikono.

Mpunga wa Ziwa Korongo haulimwi na mtu. Unaota wenyewe majini, mrefu kumzidi mtu aliyeketi kwenye mtumbwi, na mwisho wa kiangazi una wiki moja hivi ya kuvunwa. Kabla ya hapo ni mbichi. Baada ya hapo umekwisha anguka. Mkuu wa mpunga ndiye hupita kila asubuhi, akatikisa suke, akatafuna punje, na siku akisema tayari, watu wote huingia kwa mitumbwi. Kabla hajasema haingii mtu, hata awe na njaa ya namna gani. Baba yake Ardis alikuwa na cheo hicho, na alipokufa watu walimjia Ardis, wala hawakumwendea kaka yake, kwa sababu kaka yake alikuwa na haraka. Mwaka huu alikuwa ameshatangaza: Jumamosi. Na redio nayo ilikuwa imeshatangaza ya kwake: upepo mkali kutoka magharibi, kuanzia Jumamosi jioni. Mpunga uliokomaa umeshikwa na kitu kidogo kuliko uzi, na upepo wa nusu siku unatosha kuumwaga wote ziwani.

Kwa watu wa magharibi hilo halikuwa jambo la picha. Mpunga ndio uliwalisha mpaka theluji iyeyuke, na uliobaki waliuuza ili wajaze gesi ya kupashia nyumba moto. Mwaka wa mpunga mbaya walikula chakula cha makopo cha msaada wa serikali na kulala na makoti. Ng'ambo, upande wa mashariki, nyumba za wazungu zilipashwa moto kutwa kucha majira yote ya baridi na hamna mtu ndani, eti maji yasigande kwenye mabomba. Ardis alikwenda kuikagua ile ya Tollefson kila juma, na mara nyingine alivua viatu akakaa kwenye sakafu ya jiko lake, miguu juu ya tundu la hewa ya moto, mpaka vidole vimrudie. Kiwanja kile kilikuwa fungu la ardhi la babu yake, kikachukuliwa kwa kodi ya serikali ambayo hakuna aliyemweleza kwamba anadaiwa. Hilo nalo alikuwa akiliwaza pale sakafuni, ila hakukaa nalo sana, kwa kuwa lilimharibia joto.

Jioni Delbert, mtoto wa kaka yake, alipita kula. Delbert alikuwa mtu mzima mwenye kitambi, alikata majani ya nyumba zote za mashariki.

"Mbona umenuna, shangazi?"

"Nani kamfundisha Tollefson mambo ya tumbaku?"

Delbert aliacha kutafuna. "Aliniuliza. Alisema, ukitaka kumwomba mzee wenu jambo zito unafanyaje? Nikamwambia. Nilidhani anataka apewe jina la kwetu, kama wale wengine wanaotaka kuitwa Tai."

"Ulimwambia pia kwamba ukishapokea umekubali?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

Delbert akatazama sahani yake. "Akasema, 'Safi sana.'"

Ardis hakulala vizuri. Mtu hawezi kumwonea mwenzake shaka kwa sababu tu kaleta tumbaku kwa heshima, alijiambia. Kisha akajijibu kwamba mtu ambaye miaka yote hakuwahi kuuliza hata jina la baba yako, halafu ghafla akajua desturi zako mpaka kifundo cha uzi, huyo hakuja kukusalimu. Amekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Swali lilikuwa moja tu: siku moja ya utulivu ina thamani gani kwake hata ajifunze yote hayo?

Alhamisi watu walikusanyika kwenye gati lao kuziba nyufa za mitumbwi na kuchonga vijiti vya kupigia mpunga ili punje ziangukie mtumbwini. Ardis alisimama mbele yao akasema neno lake bila kulizungusha.

"Tutaingia Jumapili."

Aliyeinua kichwa wa kwanza alikuwa Clement Bluesky, binamu yake, bingwa wa kuendesha mtumbwi kwa pondo na bingwa zaidi wa mdomo. "Jumapili ipi?"

"Hii."

"Upepo unakuja Jumamosi jioni. Redio yako imekufa?"

"Nimesikia. Nimepokea tumbaku."

"Ya nani?"

Ardis alitamani kuna mtu mwingine amjibie. "Ya Tollefson. Ana harusi."

Clement akaanza kucheka, kile kicheko chake cha polepole ambacho tangu utotoni kilimtia Ardis hasira.

"Jamani, kumbe mkuu wetu wa mpunga naye ana bosi. Haya, binamu, hebu tuambie. Imekuja tumbaku peke yake, au imekuja na wenzake? Maana naliangalia lori lako hapa, matairi yote manne yanang'aa. Na huyo Tollefson anauza nini vile, huko mjini kwao?"

Kila mtu alijua anauza matairi. Kila mtu alilitazama lori.

"Alinipa theluji ilipoyeyuka," Ardis alisema. "Bomba lilipasuka, nikaliwahi kabla nyumba haijajaa maji."

"Sikatai. Wenzetu ni wajanja, wanalipa mapema."

"Irudishe basi," mwanamke mmoja alisema kutoka nyuma, akimaanisha tumbaku. Lakini alisema kwa sauti ndogo, maana hata yeye alijua hairudishwi.

"Kuna jambo katika harusi hii," Ardis alisema. "Sijalijua bado, ila lipo."

"Utalijua keki ikishaliwa," Clement alimjibu, akaokota vijiti vyake akaondoka.

Hakuna aliyesema angevunja amri. Wazee wao hawakulelewa hivyo, wala wao hawakulelewa hivyo. Lakini walipita karibu naye kwenda kwenye magari yao bila kumgusa bega, na Ardis, aliyewapikia mazishi na kuwashikia watoto, aliona jinsi macho yao yalivyomkwepa. Alikuwa akimwonea shaka Tollefson. Sasa wao walikuwa wakimwonea shaka yeye, tena kwa sababu nzuri kuliko zake. Iliuma. Angekuwa mahali pao angefikiri vilevile.

Ijumaa alikwenda kazini kama kawaida, kuwatandikia vitanda wageni wa karibu. Alikuwa ghorofani akisafisha vioo alipoliona boti dogo likienda taratibu ndani ya mpunga. Vijana wawili walikuwa wakichomeka vijiti virefu majini, na kila kijiti kilikuwa na utepe mweupe. Mstari ulinyooka kutoka hoteli ya kusini mwa ziwa, ukaingia palipo na mpunga mzito kuliko kote, ukatokea kwenye gati la Tollefson. Ardis alibaki na kitambaa mkononi. Alishuka ngazi haraka kuliko umri wake ulivyomruhusu.

Bwana Tollefson alikuwa jikoni, anaonja mvinyo.

"Vile vijiti ni vya nini?"

"Umeviona? Vinapendeza, sivyo? Ni njia ya wageni. Wengi wamelala hotelini na hapa hakuna pa kuegesha magari yote hayo, basi watakuja kwa maboti."

"Vinapita katikati ya mpunga."

"Kwenye majani yale? Ndiyo. Kuzungukia kwenye kina kirefu ni mbali mno."

"Injini zitakata kila kitu. Na mawimbi yake yatamwaga hata ule ambao hayakuugusa."

Bwana Tollefson aliweka glasi chini. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia Ardis baridi.

"Ardis, yale ni magugu. Kila mwaka yananizuia kutoa boti langu. Na si huwa yanaota yenyewe? Basi yataota tena." Kisha akaongeza kwa upole, kama anayemkumbusha mtoto kunawa mikono, "Na tumeshakubaliana, mimi na wewe. Au sivyo?"

Mpaka leo Ardis hajui kama mtu yule alikuwa mjanja au mjinga. Inawezekana alipanga yote: wenye mpunga wakae mbali siku moja, na siku hiyo hiyo maboti yamsafishie mbele ya gati lake alichokichukia miaka yote, bila mtu wa kulaumiwa, maana nani atailaumu harusi? Inawezekana pia kwamba alitaka picha tu, na kwamba alipotazama ziwa hakuona chakula cha mtu. Ardis aligeuza mambo haya kichwani akiwa anatandika kitanda cha mwisho, akagundua kwamba kwa mpunga haikuwa na tofauti. Alitamani kumtupia kitambaa usoni. Badala yake alikikamua, akakitundika, akatoka.

Jumamosi mchana kulikuwa shwari, anga jeupe la kuumiza macho. Muziki ulisikika kutoka ng'ambo. Clement na wenzake walikuwa wameketi nyuma ya malori yao karibu na gati lao, hawana la kufanya, wanautazama mpunga wao kwa uchungu. Ardis alipita mbele yao akiuburuta mtumbwi wake peke yake. Hakuna aliyenyanyuka kumsaidia. Alipofika majini alivitoa vijiti vyake viwili vya kupigia mpunga, akavilaza nyasini mahali ambapo kila mtu angeviona.

"Unakwenda wapi, binamu?" Clement aliuliza. "Keki ni baadaye."

"Nakwenda kukaa."

"Kukaa wapi?"

"Kwenye mpunga. Wamechora njia humo, wanapitisha maboti ya wageni. Upepo ukibakiza chochote, nataka tukikute Jumapili. Mimi niliombwa nisivune. Sikuombwa nisikae."

Clement aliangalia vijiti vilivyolala nyasini.

Ardis akatia majini chembe za tumbaku kwa ajili ya wale wasioonekana, akasukuma. Ulikuwa mwendo mgumu kwa mtu mmoja. Alipofika kwenye tepe nyeupe aliugeuza mtumbwi ukaziba njia, akaweka pondo chini, akakaa. Mpunga ulimzunguka pande zote, masuke yameinama kwa uzito, mengine yamelala juu ya ukingo wa mtumbwi. Angeweza kujaza kapu bila kunyanyuka. Aliiweka mikono mapajani.

Boti la kwanza lilikuja na wapiga fidla na mabibi wenye kofia. Nahodha alipunguza mwendo, akasimama.

"Mama, tunaomba kupita."

"Piteni kwenye kina, mwanangu. Kule hakuna mpunga."

"Lakini njia imewekewa alama hapa."

"Naziona."

Nahodha alikuna shingo. Bibi mmoja alimpiga picha Ardis. Nyuma yao boti la pili lilikuwa limefika, na la tatu, na mtu mmoja aliuliza kwa sauti kama hii ni sehemu ya sherehe. Nahodha akaanza kulisogeza boti kidogokidogo, kujaribu kama yule mama atahama. Ardis hakuhama. Hakujua kuogelea vizuri, na miaka ya nyuma watu wa ufuko ule ule waliwahi kuwarushia mawe Wachippewa waliokwenda kuvua. Hakuna ambaye angemwokoa, na pengine alistahili.

Ndipo mpunga nyuma yake ukachakarika. Alikuwa Delbert, jasho linamtiririka, hana kijiti. Nyuma yake walikuja wengine, mtumbwi baada ya mtumbwi, wakijipenyeza kwenye mpunga polepole ili wasiuumize, mpaka mstari wote wa tepe ukajaa watu walioketi mikono mapajani. Clement aliusogeza mtumbwi wake ubavuni mwa wa Ardis mpaka ukagonga.

"Hebu sogea," alisema. "Unakaa kama ziwa ni lako peke yako."

Ardis alisogea. Alijua kwamba huko ndiko kuomba radhi kwa Clement na kwamba hakutakuwa na kwingine.

Bwana Tollefson alitembea mpaka ncha ya gati lake, suti ya kijivu, ua kifuani. Umbali haukuwa mkubwa. Maji yalibeba sauti vizuri.

"Ardis. Tulikubaliana."

Ardis aliinua mikono yake miwili, mitupu, akaigeuza pande zote. "Tulikubaliana nisivune, Warren. Hebu niangalie vizuri. Navuna?"

Bwana Tollefson alitazama mitumbwi yote, mmoja mmoja, akitafuta mwenye kijiti. Hakukuwa na hata mmoja. Nyuma yake bibi harusi alikuwa ametoka hemani na gauni lake na kusimama kwenye nyasi, anatazama.

"Jumatatu usije kazini," Bwana Tollefson alisema mwishowe.

"Jumatatu sina nafasi."

Mtu fulani kwenye mitumbwi alicheka, akanyamazishwa. Nahodha wa kwanza aliinua mabega, akageuza boti, na wengine wakamfuata kwenda kuzungukia kwenye kina kirefu. Harusi ilichelewa. Ilifungwa, wakapiga picha zao, na katika kila picha iliyoelekea majini walikuwemo Wachippewa, wamenyamaza, wamekaa.

Hawakuondoka, kwa sababu maboti yangerudi na wageni wakiwa wamelewa. Na jioni, kabla hata muziki haujanyamaza, upepo ukafika kama redio ilivyosema. Ulianza kwa kuinamisha masuke mara moja, mbili, kisha ukayashika kwelikweli. Punje zikaanza kudondoka. Zilianguka majini, zikaanguka kwenye mabega ya watu, chache zikaanguka ndani ya mitumbwi, na aliyeangukiwa alizifuta zikaingia majini. Clement alikuwa akitukana chinichini bila kupumzika, machozi yamemlenga, na mikono ameibana katikati ya magoti.

"Zimebaki saa chache iwe Jumapili, binamu," alisema. "Nani atajua?"

"Najua mimi," Ardis alisema, "na unajua wewe."

Suke moja lilikuwa limelala juu ya paja lake, limejaa. Alilitazama likitikisika, likamwaga punje zake moja moja, na hakulishika.